Kando ya Mto, Soma Maji Kabla ya Kutafuta Ndege

Wengi wanaoanza kutazama ndege kwenye njia za kando ya mto huinua darubini kwanza, na maji yenyewe hawayaangalii. Ushauri wetu ni kuanza na maji, kwa sababu kina, kasi na rangi yake ndivyo vinavyoamua chakula kitapatikana wapi, na ndege wa mtoni hufuata chakula. Anayepita njia ileile katika majira mbalimbali hufika mahali ambapo anaweza kukisia atakachokiona kabla hajaimaliza kona.

Mdiria wanaovua samaki huonyesha jambo hili waziwazi. Windo lao hulitafuta kwa macho: hutulia kwenye tawi, au, kama wafanyavyo baadhi ya spishi, hujiweka angani mahali pamoja kwa kupigapiga mabawa, kisha hujitupa majini. Mvua kubwa au theluji inayoyeyuka ikiujaza mto tope, hawaoni kitu, hivyo huhamia kwenye vijito na madimbwi yenye maji maangavu zaidi. Anayelalamika kwamba mdiria wametoweka wakati wa mafuriko huenda hajajaribu kufuata kijito kilicho jirani. Maji yakipungua, fukwe za tope na kokoto hujitokeza, na hapo huja sululu wadogo wanaotikisatikisa mkia huku wakidonoa wadudu, ilhali korongo na yangeyange husimama penye vidimbwi ambamo samaki wamenaswa.

Kingo zilizosimama wima zinastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi, hata zinapoonekana tupu. Mafuriko yanapoukata udongo huacha ukuta mpya ambao wanyama wawindaji hupata shida kuupanda, na ndani yake mdiria, keremkerem na baadhi ya mbayuwayu huchimba mashimo ya kutagia. Shimo la mdiria wa kawaida wa Ulaya na Asia mara nyingi huwa na urefu wa sentimita 60 hadi 90. Kwa hiyo ukingo unaomomonyoka si lazima uwe ukingo ulioharibika, na kuzijengea zege kingo zote za mto, jambo ambalo wakati mwingine huitwa uboreshaji, huwanyima ndege hawa mahali pa kuzaliana. Mtembeaji naye asisimame juu ya ukingo wa namna hiyo, kwa kuwa maji huenda yameula kwa chini. Ukiporomoka, utamwangusha yeye na kuyafukia makinda.

Majira huleta pia wageni. Mbayuwayu wa kawaida, mwenye uzito wa takriban gramu 20, huzaliana katika nusu ya kaskazini ya dunia, na wengi wao huvuka ikweta kila mwaka kwenda na kurudi, kiasi kwamba kuondoka kwao katika mto mmoja ni kuwasili kwao katika mwingine. Bata wanaweza kudhaniwa wamehama kumbe wapo: spishi nyingi, baada ya kuzaliana, hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja na kujificha mateteni kwa wiki kadhaa hadi mapya yaote. Wakati huo mbwa afungwe kamba, maana bata hana njia ya kuruka na kumkimbia.

Kuhusu vifaa tusikawie. Darubini iliyoandikwa 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, inatosha. Ukimwona ndege amebeba chakula mdomoni bila kukimeza, kiota hakiko mbali. Rudi nyuma ili aweze kuwafikia makinda wake. Kumchezea sauti iliyorekodiwa ili ajitokeze, hasa wakati wa kuzaliana, ni kumpotezea nguvu akipambana na mpinzani asiyekuwepo.

Andika tarehe, hali ya maji na spishi ulizoziona, na pia zile ulizozitarajia usizione, kwa kuwa bila kumbukumbu hiyo mabadiliko ya polepole hayatambuliki. Sensa ya Kimataifa ya Ndege wa Maji, iliyoanza mwaka 1967, hutegemea maelfu ya wajitolea wanaohesabu ndege hasa mwezi Januari, wakati wahamaji wengi wametulia mahali pamoja na uwezekano wa kuwahesabu mara mbili ni mdogo.