Kiwango cha pombe kwa dereva: ile 0.08 maana yake nini, na je unywe hata kidogo kama unaendesha?

Watu wakibishana kuhusu pombe na usukani lazima atokee mmoja aseme "mimi bia mbili hazinifanyi kitu, na hata sheria yenyewe inaruhusu". Hapo amechanganya mambo mawili, la kwanza anavyojisikia na la pili sheria inavyosema, na yote mawili kayakosea kidogo. Tuanze na sheria maana hiyo ndo rahisi.

Sheria ya kiwango haihesabu chupa. Inachoangalia ni pombe iliyopo kwenye damu yako muda ule, basi, haikuulizi ulikunywa nini wala ulikunywa na nani wala kama ulikula kwanza. Ile 0.08 inayotajwa sana maana yake ni gramu 0.08 za pombe kwenye mililita 100 za damu, yaani miligramu 80. Nchi nyingine wanaandika 0.8 kwa kuwa wao wanahesabu gramu kwa lita nzima ya damu, ni kitu kilekile tu. Halafu kuna kipimo cha pumzi ambacho nacho kina namba zake, mfano England na Wales kikomo ni maikrogramu 35 kwenye mililita 100 za pumzi, na hiyo inachukuliwa kuwa sawa na zile miligramu 80 za damu. So ukisikia nchi moja kikomo ni 0.25 na nyingine 0.05 usikimbilie kusema ile ya kwanza wako legelege mara tano, inawezekana 0.25 ni miligramu kwenye lita ya pumzi na 0.05 ni ya damu na zote mbili ziko sawasawa. Mabishano mengi ya mtandaoni yangeisha kama watu wangeanza kwa kuulizana "hiyo ni ya damu au ya pumzi?"

Na kwa nini pumzi ikubaliwe kuisemea damu? Kwa sababu pombe inageuka mvuke kirahisi, damu ikipita kwenye mapafu sehemu ya pombe inahamia kwenye hewa unayoitoa, na hesabu inayotumika sana ni kwamba pombe iliyo kwenye mililita 2100 za pumzi ya ndani kabisa inalingana na iliyo kwenye mililita 1 ya damu. Ndo maana unaambiwa upulize kwa nguvu na kwa muda mrefu, wanataka hewa ya chini ya mapafu, hewa ya mdomoni haina kazi. Ndo maana pia kama umetoka kusukutua kwa dawa ya mdomo yenye pombe au umecheua sasa hivi namba inaweza kuruka juu bila sababu, na taratibu nzuri za upimaji zinataka usubiri kama dakika 15 hivi kwanza. Aliyeifanya mashine hii ibebeke na kutumika kirahisi na polisi ni Robert Borkenstein wa Indiana, Marekani, mwaka 1954.

Sasa angalia namba zenyewe zinavyotofautiana. Norwei ndo walitangulia kuweka namba kwenye sheria, mwaka 1936, ikiwa 0.05, na mwaka 2001 wakaishusha hadi 0.02. Uswidi wako 0.02 tangu 1990. Uingereza waliweka 0.08 mwaka 1967 na England bado iko hapohapo, wakati Uskoti walishuka hadi 0.05 mwezi Desemba 2014, kwa hiyo mtu anaweza kuvuka mpaka bila kuongeza hata tone na akawa mvunja sheria. Marekani kwa ujumla ni 0.08 ila Utah wameweka 0.05 tangu mwisho wa 2018. Ujerumani na Ufaransa 0.05, Japani 0.03, halafu kuna waliosema sifuri kabisa kama Hungaria, Ucheki na Brazili. Sehemu nyingi dereva mgeni wa leseni na dereva wa abiria wanabanwa zaidi ya wengine, Ujerumani kwa mfano ukiwa chini ya miaka 21 au leseni yako bado iko kwenye kipindi cha majaribio, ni sifuri.

Jiulize basi, ubongo wa mtu wa Oslo na wa mtu wa London una tofauti gani? Hakuna. Kilichotofautiana ni makubaliano ya wanasiasa, watu watavumilia nini, polisi wataweza kusimamia nini. Hivyo kiwango siyo mstari ambao chini yake uko salama na juu yake uko hatarini. Kiwango ni pale ambapo mahakama haihitaji tena kuthibitisha kwamba ulikuwa unayumba, namba peke yake inatosha kukufunga. Na chini ya namba hiyo bado hujapona, kwa sababu nchi nyingi zina kosa lingine pembeni la kuendesha huku uwezo wako umepungua, Ujerumani kuanzia 0.03 ukionekana unayumba au ukisababisha ajali unaweza kushtakiwa kwa jinai japo kikomo cha kawaida ni 0.05. Yule wa "sheria inaruhusu" hili huwa hajui kabisa.

Haya, turudi kwenye bia mbili, tupige hesabu. Njia yenyewe ilitoka kwa mwanasayansi wa Uswidi anaitwa Erik Widmark, ina karibu miaka mia sasa na bado inatumika mahakamani. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 za pombe tupu, ambayo kwa uzito ni kama gramu 20. Mbili ni gramu 40. Pombe inasambaa kwenye maji ya mwili, kwenye mafuta haiingii sana, kwa hiyo tunachukua uzito wa mtu tunazidisha na kama 0.68 kwa mwanaume na 0.55 kwa mwanamke, kwa sababu kwa wastani mwili wa mwanamke una maji kidogo zaidi. Mwanaume wa kilo 70 anapata karibu 48, ukigawa 40 kwa hiyo halafu ukagawa tena kwa 10 ili ije kwenye namba za aina ya 0.08, inakuja takriban 0.084. Mwanamke wa kilo 60 anapata 33, inakuja takriban 0.12. Mwili unaondoa kama 0.015 kila saa, so wakikaa masaa mawili pale mezani toa 0.03, mwanaume anabaki na 0.054 na mwanamke 0.09. Meza moja, bia zilezile mbili, muda uleule, mmoja England anapita ila Ujerumani anakamatwa, mwingine anakamatwa kote kuwili. Na hapo nimetumia wastani, kuna ambao mwili wao unaondoa 0.010 tu kwa saa na wengine 0.020, na hakuna aliyeandikiwa usoni yeye ni wa kundi gani.

Hesabu hiyo pia inadhani unajua umekunywa kiasi gani, na ukweli ni kwamba wengi hawajui. Bia za siku hizi kuna za asilimia 4 na kuna za asilimia 8, hiyo ni mara mbili kwenye chupa inayofanana kabisa. Divai ya kumiminiwa na rafiki haina kipimo, glasi inajazwa kabla haijaisha unajikuta unasema "nimekunywa glasi moja" kumbe ni nusu chupa. Pombe kali iliyochanganywa na soda ndo usiseme, aliyechanganya mwenyewe hajui. Kula kabla kunasaidia kidogo kwa maana pombe inaingia kwenye damu polepole na kilele kinakuwa chini, ila ukishaimeza imeshakuwa ndani yako.

Kuhusu kuiondoa sasa, hapa ndo kuna uongo mwingi. Kahawa, maji ya baridi, kuoga, kukimbia, kutapika baada ya saa zima, ndimu, hakuna hata kimoja kinachoharakisha. Ini ni kama dirisha moja la kukatia tiketi, foleni iwe ya watu kumi au mia anahudumiwa mmoja mmoja kwa mwendo uleule. Kahawa inachofanya ni kukuamsha, unakuwa mlevi ambaye hana usingizi, na binafsi naona huyo ni hatari zaidi kwa sababu sasa anajiamini. Bigijii na pipi vinabadilisha harufu tu, mashine haisikii harufu.

Ndo maana asubuhi ya pili inawakamata watu wastaarabu kabisa. Chukua yule mwanaume wa kilo 70, kaanza saa 2 usiku, kapiga bia sita mpaka saa 6, kapanda gari la kukodi kurudi nyumbani kama mtu mwenye akili, kalala. Gramu 120, hesabu inatoa takriban 0.25. Saa 1 asubuhi yamepita masaa 11, mwili umeondoa kama 0.165, amebaki na karibu 0.087. Kaoga, kanywa chai, kapiga mswaki, kavaa vizuri anaenda kazini, na bado yuko juu ya kikomo cha England, cha Uskoti hata tusiongee. Huyu kwa hesabu hii anafika sifuri kwenye saa 7 mchana. Kulala hakuongezi kasi ya ini, kunachofanya ni kukusahaulisha kwamba ulikunywa.

Sasa swali lenyewe, je unywe kidogo au usinywe kabisa?

Vitu vya kwanza kuguswa na pombe siyo miguu wala ulimi. Ni uwezo wa kugawa macho na akili kwa vitu viwili kwa wakati mmoja, yaani kioo cha pembeni huku na mtoto anayekaribia barabara kule, na ni uamuzi, kile kisauti cha "hapa usilipite hilo lori". Hivi vinaanza kupungua chini ya 0.05, wakati mtu bado anaongea vizuri na anatembea kwenye mstari. Ukiwa kwenye kasi ya kilomita 100 kwa saa gari linakula karibu mita 28 kila sekunde, so ukichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki umeshaongeza mita 14 kabla hata breki haijaanza kufanya kazi. Nusu sekunde hutaihisi, ndo tatizo lenyewe hilo, kifaa unachotumia kujipima kama uko fiti ndo kilekile ambacho pombe imeanza nacho. Na mnywaji mzoefu yuko pabaya zaidi hapa kwa sababu mwili wake umejifunza kuficha dalili, haoni kulewa, lakini namba kwenye damu haipungui kwa uzoefu.

Kuna watu watakuletea ule utafiti wa Grand Rapids, Michigan, wa miaka ya 1960, uliofanywa na huyohuyo Borkenstein, kwa sababu kwenye takwimu zake waliokunywa kidogo sana walionekana kupata ajali chache kuliko wasiokunywa kabisa. Ni kweli namba zilionekana hivyo. Ila waliokuja kuichambua baadaye waligundua makundi hayo hayakufanana, kundi la wasiokunywa lilikuwa na watu wengi zaidi ambao kwa umri wao na kiwango chao cha uzoefu hupata ajali nyingi hata bila pombe. Ukilinganisha watu wanaofanana, hatari inapanda kadiri pombe inavyopanda, na ikishapita 0.08 inapanda kwa kasi mbaya.

Mimi naona sifuri ni rahisi kuliko kiasi, na sisemi hivyo kwa ajili ya dini wala ulokole. "Nitakunywa moja tu" ni uamuzi unaotakiwa kuurudia kila mhudumu anapopita, na kila unapourudia akili inayoamua imeshapungua kidogo kuliko mara ya mwisho. "Leo naendesha" unaamua mara moja ukiwa mkavu na mjadala unaisha. Kama ukweli ni kwamba unataka kunywa, basi kunywa na gari libaki nyumbani, kuliko kwenda nalo ukidhani utaliacha huko, maana saa 7 za usiku gari likiwa nje linakuita. Halafu kwenye kundi mkubaliane dereva ni nani kabla ya kutoka, siyo mwisho ambapo anachaguliwa "aliyelewa kidogo". Japani wamelibeba hili hadi kwenye sheria, tangu 2007 anayempa dereva pombe, anayemwachia gari mtu aliyelewa na abiria anayepanda huku akijua dereva kanywa wote wanaweza kuadhibiwa.

Jambo la mwisho ni vile vipima pumzi vidogo vya kununua, maana wengi wanaona ndo suluhisho. Vingi vinapotea njia baada ya muda visiporekebishwa, lakini hata kikiwa kizima kinakwambia uko wapi sasa hivi tu. Pombe inachukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu hivi kufika kileleni, so ukipuliza dakika kumi baada ya glasi ya mwisho ukaona 0.04 ukawasha gari ukiwa umefurahi, hiyo namba bado inapanda, na nusu saa baadaye ukiwa katikati ya barabara utakuwa unaendesha na nyingine kubwa zaidi ambayo hukuipima.