Shada la maua ni nini?

Shika kichala cha karafuu mbichi ukiangalie kuanzia chini. Kikonyo kimoja kimetoka kwenye ncha ya tawi, kikagawanyika vikonyo vitatu, na kila kimoja kikagawanyika tena, hadi kila ncha ikaishia kwenye tumba dogo la ua. Tumba hilo ndilo karafuu yenyewe. Kichala kizima ndicho shada la maua: maua mengi yaliyobebwa na kikonyo kikuu kimoja, kwa mpango ambao kila aina ya mmea ina wake.

Wachumaji wa Pemba wanaujua mpango huu kwa vidole. Huchuma kichala kizima, kisha hukaa kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Makonyo hayo ndiyo kiunzi cha shada, nayo hayatupwi, hukamuliwa mafuta.

Mpango wa shada ndio unaoamua ua lipi litangulie kuchanua. Kwenye mkarafuu, kikonyo kikuu huishia kwenye ua, kwa hiyo hakirefuki tena. Maua mengine hutokea pembeni. La katikati ndilo linalotangulia kuchanua. Asumini nayo ni hivyo hivyo.

Mgomba una njia nyingine. Kikonyo chake huendelea kurefuka kikiinamia chini, na maua ya mwanzo, ambayo ni majike, ndiyo yanayokuwa vichane vya ndizi. Madume hufuata, yamefichwa ndani ya lile tumba la zambarau linaloning'inia mwishoni. Ndiyo maana ndizi za juu hunenepa huku tumba bado linafunua maua mapya. Mkungu, basi, ni shada lililozaa.

Lugha yetu ina majina ya mashada mengi bila kuyaita hivyo. Suke la mtama ni shada. Karara la mnazi ni ala ya shada. Likipasuka hutoa vitawi vyenye maua dume mengi sana, na majike machache ya mviringo karibu na shina la kila kitawi. Hayo machache ndiyo yanayokuwa nazi.

Linalowashangaza wengi ni alizeti. Tunaiita ua moja, kumbe ni mamia ya maua yaliyobanana kwenye kitako kimoja. Yale ya manjano ya ukingoni ni maua pia, ila hayazai. Ya ndani huchanua kuanzia pembeni kuelekea katikati, duara baada ya duara. Chomoa ua moja la ndani taratibu: utaona lina chavua yake, na chini yake mbegu changa, nyeupe bado.