Juzuu ya 9 haijaibiwa, haikutoka

Ukikaa kitengo cha majarida unazoea hii: msomaji anaona rafuni juzuu ya 8 halafu ya 10, anakuja mezani na jibu lake mkononi, "ya tisa mmeibiwa." Hata wenzetu wa maktaba wanaamini hivyo.

Dhana: pengo maana yake toleo limepotea.

Jamani, mara nyingi halijawahi kuwepo. Hela ya kuchapa ikikosekana mhariri anabana namba mbili kwenye jalada moja, au mwaka mzima unapita kavu. Halafu kuna majina, hapo ndo balaa. Jarida liitwalo Kiswahili, la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chanzo chake ni buletini ya ile Kamati ya Lugha ya wakati wa mkoloni, huko miaka ya 1930, baadaye likaitwa Swahili, ndo likaja kuwa Kiswahili, sasa mtu anatafuta la miaka ya 60 kwenye K anakuta patupu kumbe limetulia kwenye S. Tanganyika Notes and Records nayo ilianza 1936, ikageuka Tanzania Notes and Records ila namba zikaendelea palepale zilipoishia, kwa hiyo ukiyaweka mbalimbali unapata mapengo mawili ambayo hayapo. Dawa ni ndogo tu, kwenye katalogi kadi ya jina la zamani iandikwe limekuwa nini, na ya jina jipya iandikwe limetokana na nini.

Dhana: likishabaindiwa, yaani matoleo ya mwaka yakishonwa kuwa kitabu kimoja, limekamilika.

Hii nilikuwa naiamini mimi mwenyewe. Siku moja nafungua juzuu nzuri kabisa, mgongoni maandishi ya dhahabu, Januari hadi Desemba, kurasa zinatoka 212 zinarukia 289. Toleo zima halimo! Fundi alibaindi alicholetewa, na aliyempelekea hakuhesabu. Tangu hapo mgongo siuamini, nafuata namba za kurasa, maana majarida mengi yanahesabu kurasa mfululizo mwaka mzima, ukiona zimeruka ujue.

Dhana: siku hizi yapo mtandaoni, pengo la nini?

Inategemea, yaani ukiwa unakodi bila haki ya kudumu, siku ukiacha kulipa unaondoka mikono mitupu hata kwa miaka uliyokwisha kulipia. JSTOR yenyewe, ile hazina ya majarida mtandaoni, majarida mengi kule hayana matoleo ya miaka michache ya mwisho. Na majarida madogo ya kwetu mengi hayajawahi kuskaniwa na mtu yeyote.

Kwa yale ya karatasi, toleo lisipofika usingoje mwisho wa mwaka, dai mapema, wachapishaji wengi wana muda wao wa kupokea madai, ukipita unanunua.

Dhana: kila pengo lazima lizibwe.

Hapana bwana. Uingereza maktaba za vyuo zilianza mpango wa pamoja mwaka 2007, UKRR, nchi nzima ibaki na nakala tatu za jarida, moja ikiwa British Library, na wengine wakatoa zao wakapata nafasi. Mimi la nje ambalo chuo jirani wanalo kamili siligusi, nguvu naweka kwenye ya hapa nyumbani ambayo tukiyakosa sisi hayupo wa kumuazima, hayo natafuta kwa wenzangu wenye nakala za ziada tubadilishane. Na ile ya tisa? Kwenye kadi nimeandika kwa penseli: haikutoka.