Mgawaji wa Asali ni Mtu au ni Kambi?

Uteuzi asilia humpendelea kiumbe anayeacha uzao mwingi kuliko wenzake, hivyo anayemgawia chakula mtu asiye ndugu yake angetarajiwa kushindwa na mchoyo. Mwanabiolojia William Hamilton alionyesha mwaka 1964 kwamba kumsaidia ndugu kuna faida kwa kuwa ndugu hubeba baadhi ya jeni (chembe za urithi) zilezile. Mwanabiolojia mwenzake Robert Trivers akaongeza mwaka 1971 kwamba hata asiye ndugu anafaa kusaidiwa, ikiwa naye atarudisha fadhila. Kwa binadamu, naona maelezo hayo hayatoshi, maana katika jamii nyingi za wawindaji na wakusanyaji wengi wanaoishi kambi moja si ndugu wa karibu.

Ushahidi ninaouthamini kuliko mwingine unatoka kwa Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Mtafiti Coren Apicella na wenzake walimpa kila mtu mzima mirija minne ya asali, chakula ambacho Wahadzabe hukipenda kupita vyote, naye akachagua kwa siri abaki na mingapi na mingapi aitoe igawiwe wenzake wa kambini, huku watafiti wakiongeza mingine juu ya iliyotolewa. Matokeo ya mwaka 2012, yaliyohusu watu 205 katika kambi 17, yalionyesha kuwa wakarimu huishi na wakarimu na wachoyo na wachoyo. Wengi wetu tulisoma hapo kwamba watu wema hutafutana.

Utafiti uliorudiwa kwa miaka kadhaa na kuchapishwa mwaka 2018 uliivuruga tafsiri hiyo. Wahadzabe huhamahama, na kambi huvunjika na kuundwa upya mara kwa mara; mtu aliyetoa mingi mwaka mmoja hakuwa lazima atoe mingi mwaka mwingine, bali kiasi alichotoa kilifuata desturi ya kambi aliyokuwamo wakati huo. Ukarimu, basi, haukuwa tabia ya kudumu ya mtu binafsi.

Hapa ndipo biolojia na utamaduni hukutana. Kinachoelekea kurithiwa, kwa maoni yangu, ni wepesi wa kuitambua desturi ya wenzetu na kuifuata, ilhali desturi yenyewe hujengwa na watu. Tena Wahadzabe hawana chifu wa kumwadhibu mchoyo. Wakishindwa kuelewana naye, hufungasha vitu vyao wakahamia kambi nyingine.