Euriopsi: kichaka chenye ua ambalo si ua moja

Euriopsi ni kichaka cha kudumu cha familia ya alizeti, chenye maua ya njano. Ukichuma ua lake, umechuma maua mengi kwa mpigo. Lile duara la njano ni kundi la vimaua vidogo vilivyobanana juu ya kikonyo kimoja. Kila kimaua cha pembeni kimetoa ulimi mrefu, ule tunaouita petali. Vya katikati ni vidogo kama vichwa vya pini, na huchanua kwa zamu kuanzia ukingoni kuingia ndani. Lipasue kwa wembe utaviona. Umbo hili ni alama ya familia ya alizeti, na maua ya sura hiyo wapenda bustani huyaita deizi, hata kama mimea yenyewe ni ya aina tofauti kabisa.

Sasa, kwa nini iitwe kichaka cha kudumu? Itazame pamoja na ndugu zake. Alizeti huota, huchanua, hutoa mbegu na kukauka msimu uleule. Pareto, ile ya Nakuru na Mufindi, huishi miaka kadhaa, kwa hiyo ni ya kudumu, ila mabua yanayobeba maua yake ni mororo. Euriopsi nayo huishi miaka, lakini shina lake hukomaa likawa gumu kama kuni, na matawi hutokea karibu na ardhi bila shina kuu moja. Hapo ndipo neno kichaka linapostahili.

Inayopandwa sana bustanini ni Euryops pectinatus, yenye asili ya Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini. Euryops ni Kigiriki, kwa maana ya jicho pana. Pectinatus ni Kilatini, kama kitana, kwa jinsi majani yake yalivyochanika. Majani hayo yana vinyweleo vinavyoyapa rangi ya kijivu. Hufikia mita 1 hadi 1.5. Inataka jua na udongo usiotuamisha maji. Kwa maoni yangu, anayeimwagilia kila jioni anaihujumu. Ipogoe maua yakipungua, lakini kila tawi libaki na majani. Miche hupatikana kirahisi kwa vipandikizi vya ncha za matawi.

Wengi huidhani ni mgeni wa vitalu vya miche tu, kumbe jamaa zake wako porini kwetu. Euryops brownei huota kwenye Mlima Kenya na Aberdare. Kilimanjaro ina ya kwake, Euryops dacrydioides, isiyoota kiasili mahali pengine popote duniani; wapanda mlima huipita kwenye ukanda wa vichaka, juu ya msitu. Majani yake ni membamba, yamebanana kwenye matawi mithili ya msonobari mdogo. Ikiwa haijachanua, unaweza kuipita bila kujua kwamba umepishana na ndugu wa alizeti.