Je, wajua kwa nini nguo iliyotupwa soko la Gikomba, Nairobi, haiozi?

Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani wa nguo yako, ushike kwa koleo juu ya sahani ya bati, kisha uuwashe kwa kiberiti. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini linalosagika vidoleni. Uzi wa poliesta hujikunja, huyeyuka, halafu hubaki punje nyeusi ngumu. Hiyo ni plastiki.

Poliesta hutokana na mafuta ghafi. Kimsingi ni plastiki ileile ya chupa za maji, ila imeyeyushwa na kusukumwa kwenye matundu membamba ikatoka nyuzi. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni poliesta. Pamba ikizikwa, bakteria na kuvu huila kwa sababu asili yake ni mmea. Poliesta haiwafai kitu. Jua na maji huikatakata tu iwe vipande visivyoonekana kwa macho, navyo huishia mtoni na baharini. Hata kuifua kunatosha kumwaga nyuzinyuzi hizo.

Sasa fikiria soko la Gikomba. Mchuuzi hulipia robota la mitumba kabla ya kulifungua. Likishafunguliwa, nguo za "kamera", yaani zilizo bora kabisa, hunyakuliwa kwanza. Zile za mwisho, "fagia", huuzwa kwa bei ya kutupa. Zilizochanika au zenye madoa hazipati mnunuzi kabisa. Hasara ni ya mchuuzi, na taka ni za mji: nyingine huenda jaa la Dandora, nyingine huangukia Mto Nairobi unaopita kando ya soko.

Kwa nini zisirejelezwe? Kwa sababu nguo nyingi ni mchanganyiko wa pamba, poliesta na uzi wa kuvutika, na kuzitenganisha ni kazi ngumu na ghali. Zikisagwa, nyuzi hukatika zikawa fupi, hazifai tena kufuma kitambaa imara. Hata poliesta inayotangazwa madukani kuwa imerejelezwa, kwa sehemu kubwa ilikuwa chupa, si nguo kuukuu.

Ndiyo maana naona ni dhuluma kumlaumu mchuuzi wa mitumba. Yeye na fundi cherehani anayepunguza suruali na kubadili zipu ndio wanaoipa nguo maisha ya pili. Wa kubanwa ni aliyeitengeneza ikiwa dhaifu na ya bei rahisi kiasi cha kuvaliwa mara chache tu. Ufaransa ilianza mwaka 2007 kuwatoza kampuni za mavazi ada ya kukusanya na kuchambua nguo zilizokwisha kuvaliwa. Lakini sehemu kubwa ya nguo hizo huuzwa nje, Afrika ikiwemo, na ada haisafiri nazo. Kama robota linaweza kuvuka bahari hadi Gikomba, fedha za kuzoa kilichobaki ndani yake nazo zinaweza kuvuka.