Itikadi inakuja baadaye, kwanza unalishwa uzushi

Watu wanatuuliza sana, hivi kijana kalelewa vizuri tu anaishiaje kwenye makundi ya itikadi kali? Wanategemea tuseme kuna mahubiri alisikiliza. Mara nyingi inaanza na klipu fupi tu, mtu analia, chini maandishi mekundu "wanatumaliza na dunia imenyamaza", kumbe video yenyewe ni ya vita vingine kabisa vya miaka ya nyuma, lakini moyo ushachemka na ushashea.

Angalia Southport, Uingereza. Tarehe 29 Julai 2024 mabinti wadogo watatu waliuawa kwa kisu kwenye darasa la dansi. Polisi walikuwa hawajamtaja mtuhumiwa, basi mtandaoni likazuka jina la kubuni, eti mwomba hifadhi Mwislamu kaja na boti. Kumbe muuaji mwenyewe kazaliwa Cardiff, hukohuko Uingereza! Kesho yake jioni msikiti wa pale ukapigwa mawe, siku chache baadaye kule Rotherham wakajaribu kuchoma moto hoteli ya waomba hifadhi na watu wamo ndani. Wenye siasa kali hawakuleta ule msiba, walikuta watu wana uchungu na hakuna taarifa, wakawaonesha wa kumchukia.

Na tusisingizie maroboti tu, yaani akaunti zinazoendeshwa na programu za kompyuta. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2018 waliangalia Twitter wakakuta habari ya uongo ina nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 70 ya kusambazwa kuliko ya kweli, na wanaoibeba hasa ni binadamu, mimi na wewe.

Sasa wengi wanaoshea hawaji kumdhuru mtu, hilo niseme wazi. Ila anayekomenti kwa hasira kila siku anaonekana. Anaingiliwa inboksi, "ndugu yangu, uchungu wako ni wangu", taratibu anavutwa kwenye grupu la siri ambako hakuna wa kumbishia, na itikadi yenyewe ndo anaanza kufundishwa humo.

Ukimwona mdogo wako kafika hapo usimwite mjinga, wale wa kwenye grupu wanamwita shujaa, unadhani atamsikiliza nani? Muulize tu hii uliitoa wapi, kaeni wote muiskrinshoti ile video muitafute kwa picha Google muone ilianza kuonekana lini. Na ukitaka kuripoti posti, ripoti bila kuishea, maana hata ukiandika "uongo huu" juu yake, ushaisambaza.